Mlamu Atakaa Mbele

Ndoa yangu ya kwanza ilivunjwa na matembezi ya siku moja. Haikuvunjwa na njaa, wala na mke wa pili, wala na ulimi wa mama mkwe, mambo ambayo wanawake wenzangu wa Bongwe huyataja wakiulizwa. Ilivunjwa na ndugu zangu wawili wa tumbo moja, waliotaka kuteremka mto juu ya chelezo kama walivyokuwa wakiteremka wazungu. Nimezeeka sasa, na mmoja wao ameshatangulia mbele ya haki, lakini nikikumbuka zile siku za kupanga safari ile, bado natamani kuwapiga kwa mwiko.

Kule juu vilimani kulikuwa na shamba kubwa la miwa, na shamba lilikuwa na bwawa lake. Kiangazi kikikaza, mto uliotoka bwawani ulikuwa mawe matupu na vidimbwi vya kambare. Lakini kila miwa ilipohitaji maji, lango la bwawa lilifunguliwa, na kwa nusu siku ule mto ukawa mto kweli. Maji yalishuka kwa kishindo, meupe kama tui la kwanza, yakigonga mwamba huu na kurukia ule. Wazungu wa shamba walikuwa na mchezo wao siku hiyo. Walipakia boti la mpira kwenye lori, wakaingia majini kule juu, wakateremka wakipiga mayowe mpaka darajani, ambako wake zao walikuwa wamewatandikia chakula. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyekuwa dereva wa lori. Miaka nenda miaka rudi aliwapeleka juu, akashuka kuwangoja chini, akawapa taulo.

Ulipokuja Uhuru, bwana shamba alifunga virago akaondoka na boti lake. Watu walidai mengi siku zile. Wengine walidai ardhi, wengine walidai viti vya ofisini. Kaka yangu alidai mto.

"Na sisi tutateremka," alisema barazani kwetu. "Kwani yale maji yana rangi?"

Baba alicheka. Mdogo wangu, aliyekuwa weta katika hoteli moja ya Galu, alipiga makofi. Na mume wangu, aliyekuwa ameketi pembeni akimenya kitunguu cha mboga yangu, aliacha kumenya.

Mume wangu alikuwa mtu wa Jego, kule karibu na Vanga, na alikuwa mpishi katika hoteli hiyo hiyo ya mdogo wangu. Mdogo wangu ndiye aliyemleta nyumbani siku ya Idi kuja kula pilau. Alikula, akaniona, nami nikamwona. Nilimpenda, sisemi kwa mafumbo. Alikuwa mpole, msemaji wa taratibu, na mikono yake ilinukia iliki hata siku za kupumzika. Kwa kuwa Jego ni mbali na Galu ni karibu, baba alitupa chumba cha ubavuni tukae mpaka mume wangu atakapojenga. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na makuti kama zote, na viambaza vya ndani havikufika paani. Mtu akikohoa chumba kimoja, chumba cha pili kinamwambia pole.

Wiki ya kwanza ya ndoa alinieleza jambo. Alipokuwa mvulana alitoka na baba yake kwa ngalawa, ngalawa ikapinduka. Wakashikilia ubao wote wawili. Baba yake akachoka. Yeye akawa anapiga kelele, "Baba, shika! Baba, shika!" na baba akaachia. Tangu siku hiyo hakuingia tena kwenye maji yanayopita kifundo cha mguu. Ndiyo maana hakuwa mvuvi kama watu wote wa kwao, na ndiyo maana alikwenda kazini Galu kwa njia ya mashambani, akazunguka kote kule, wakati wenzake walikatiza ufukweni.

"Hili ni lako na langu," aliniambia. Nikamwapia.

Nililolijua mimi na asilolijua yeye ni kwamba alikuwa akilia usingizini. Si kila siku, lakini mara nyingi, na maneno yalikuwa yale yale, kwa sauti ya mtoto. Nilikuwa namshika bega, anatulia, na asubuhi hakumbuki kitu. Sikumwambia. Ningemwambia nini? Kwamba nyumba nzima inamsikia? Asubuhi mama alinitazama, mimi nikainamia chungu changu, nayo yakaisha hapo. Nilidhani yameisha.

Wasiotoka kwetu inafaa wajue utani wa shemeji ulivyo. Ndugu wa mke na mume wa dada yao, yaani mlamu kwa mlamu, wana ruhusa ya kufanyiana karibu lolote. Watakuvua kofia mbele ya watu, watakuchukulia kuku wako, watakwambia wewe huna akili na mama yako alikuokota. Wewe ucheke, kisha uwarudishie. Anayekasirika ndiye aliyekosa. Atatozwa kuku, na baya kuliko kuku, ataitwa mtu asiyejua watu. Ni mila nzuri ikiwa mikononi mwa watu wenye huruma, kwa sababu inawazuia wakwe kugombana. Ndugu zangu hawakuwa na huruma. Walikuwa na bidii tu.

Nao walikuwa wamesikia kupitia juu ya kiambaza. Hawakujua habari za ngalawa. Walijua kwamba mlamu wao, mwanamume mwenye ndevu, anamwita baba yake usiku, na walijua kwamba anaikwepa pwani. Wakajumlisha wenyewe. Safari ya mto, ambayo ilianza kama tamaa ya kaka yangu ya kuwa bwana shamba kwa siku moja, ikageuka. Sasa walitaka kumsikia akiyasema yale maneno akiwa macho.

Walipanga kwa majuma. Kila Ijumaa baada ya sala walikaa barazani, na kila Ijumaa kulikuwa na jipya. Chelezo kitaundwa kwa tyubu za trekta kuukuu, zilizozibwa viraka, zikafungwa kwa mianzi na kamba za katani. Lori kaka ataliomba kwa bwana shamba mpya, Mwafrika mwenzetu, ambaye naye alitaka kuonekana mwema. Siku itakuwa ile ya kufunguliwa lango. Wanawake watangoja darajani na chakula, kama wale wake wa wazungu. Na nani atakaa wapi?

"Mlamu atakaa mbele," kaka akasema. "Yeye ni mtu wa bahari. Sisi watu wa mihogo twajua nini?"

"Mbele, mbele," mdogo wangu akaitikia. "Atatuonyesha njia."

Mume wangu akacheka, kwa kuwa ilimpasa kucheka. Akasema siku hiyo ana zamu jikoni. Ijumaa iliyofuata mdogo wangu akaja na habari njema: amezungumza na mpishi mkuu, zamu imebadilishwa, mlamu yuko huru kama nchi. Mume wangu akasema basi yeye atapika, awangoje darajani na chakula cha moto. Wakamwambia kupika atawapikia wageni wa hoteli, siku hiyo yeye ni bwana. Akapata homa. Wakamletea mwarobaini kikombe kizima, wakasimama juu yake mpaka akamaliza, naye akawa anakunywa ule uchungu huku akitabasamu. Kila mlango aliouendea walikuwa wameshafika kabla yake.

Chelezo kilipokwisha wakakijaribu uani, nchi kavu, chini ya minazi. Wakamkalisha mbele. Mmoja akashika upande huu, mwingine upande ule, wakaanza kukiyumbisha, wakinguruma kama maji, na watoto wa majirani wakajaa kutazama. Nilikuwa napepeta mchele mlangoni. Nilimwona akiushika mwanzi kwa mikono miwili, na jasho likimtoka juu ya mdomo, palepale juu ya mchanga mkavu. Watoto walicheka mpaka wakalala chini. Alipoteremka alisema, "Mmeunda vizuri, walamu," akaingia ndani. Mwanzi ule ulikuwa umeacha alama kwenye viganja vyake.

Nikamwendea baba. Baba akaniambia utani ni haki ya shemeji, na kwamba yeye mwenyewe ndugu za mama waliwahi kumvua kanzu sokoni Ukunda, na mbona hakufa. Nikamwendea mama. Mama akasema mwanamume haombewi na mkewe, nikimwombea nitamfanya mtoto. Mwisho nikamwendea kaka mkubwa, nikamkuta anaosha lori.

"Kaka, muacheni mume wangu asiende."

"Kwa nini?" akauliza, na macho yake yakang'aa. "Anaogopa?"

Ningejibu nini? Nikisema ndiyo, nimemvua nguo. Nikisema hapana, nimempeleka mtoni.

"Haogopi," nikasema.

"Basi atakwenda," akasema, akamwagia gurudumu maji.

Mume wangu mwenyewe alinambia tuyaache. "Nikikataa, nitakula wapi?" alisema. "Nitaketi nao barazani vipi?" Alikuwa amekonda. Nikawaza kwamba labda ataingia, atatoka, na yataisha, kwa kuwa hata jipu huuma zaidi kabla ya kutumbuliwa. Nilikuwa bado nawafikiria ndugu zangu kuwa wajinga tu.

Siku yenyewe tuliteremshwa darajani sisi wanawake na sufuria zetu, wali wa nazi na samaki wa kupaka, na lori likaendelea juu na wanaume na chelezo. Kulikuwa na jua kali. Mto ulikuwa mawe na ndege waliokuwa wakidonoa tope. Kisha ndege wakaruka wote pamoja, tukasikia mvumo, na maji yakaja yakisukuma mbele yake majani na vijiti na povu chafu, halafu nyuma ya uchafu yakaja yenyewe, meupe, yenye nguvu. Daraja likatetemeka chini ya miguu yetu. Mama akashika mkono wangu.

Chelezo kilitokea kwenye kona ya juu. Kilikuwa kimeinuka upande mmoja, kikaanguka, kikazunguka, kikaja tena. Ndugu zangu walikuwa nyuma na makasia ya mbao. Mume wangu alikuwa mbele, na wamemfunga. Walimpitisha kamba ya katani kiunoni wakaifunga kwenye mwanzi. Kaka alikuja kusema baadaye kwamba ni kwa usalama, asije akaanguka, mgeni wa watu. Maji yalimpanda kifuani, usoni, yakamfunika, akatokea tena. Na wale nyuma yake walikuwa wakiimba. Kwanza sikusikia kwa sababu ya kishindo. Walipokaribia nikasikia vizuri, na wanawake wote wakasikia.

"Baba, shika! Baba, shika!"

Waliimba kwa sauti ya mtoto. Waliimba kwa mpigo wa makasia, mmoja akianza na mwingine akimalizia. Mume wangu hakufungua mdomo. Aligeuza shingo mara moja akawatazama, kisha akatazama juu darajani, akaniona mimi. Sijapata kutazamwa vile tena, na sitaki.

Walifika ukingoni, wakamfungua. Alipanda mwenyewe, akakamua kikoi chake, akaketi akala tonge chache kwa heshima ya waliopika, akasema alhamdulillahi. Akawashukuru shemeji zake. Wakampiga mgongoni wakisema mwanamume kweli, na mdogo wangu akasema kwa huzuni kidogo kwamba alitegemea kelele zaidi.

Tulirudi Bongwe kabla ya magharibi. Chumbani alivaa shati kavu, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni.

"Ni nani alowapa maneno yale?"

"Maneno gani?" nikasema, na nilijua.

"Wayajua. Hata mama yangu hajui maneno yale. Nilimwambia kwamba baba alizama papo hapo, asije akakaa akimwona anahangaika. Nimekwambia wewe peke yako duniani."

Nilikuwa na jibu la kweli, fupi, la kuniokoa. Wewe mwenyewe. Wewe mwenyewe uliwaambia, karibu kila siku, na baba yangu anasikia, na mama yangu anasikia, na asubuhi wanakuamkia na kukupa chai. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikamtazama alivyosimama na vifungo vyake vile. Nikafikiri: mke mwenye domo husamehewa, dunia imejaa wake wenye domo na waume wao wanakula na kulala nao. Lakini mwanamume akijua kwamba wakwe zake wanamsikiliza akilia kama kitoto, hatalala tena. Si kwetu, si popote. Ataogopa kufumba macho mpaka afe.

"Ni mimi," nikasema.

"Uliwaambia wapate kucheka?"

"Niliwaambia tu."

Alivuta kikapu uvunguni mwa kitanda. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya taratibu, kwamba ameniacha talaka moja. Akatia vitu vyake kwenye kikapu, akaenda kumwambia baba shikamoo na kumtaka radhi kwa usumbufu, akashika njia. Kisu chake cha jikoni alikisahau, na sikumkimbilia nacho.

Ndugu zangu waliposikia walishangaa kwa dhati. "Talaka? Kwa utani?" Walirudia rudia vile, kama waliouziwa kitu kibovu. Mama aliniita pembeni akaniuliza kwa nini nimejichongea, nikamweleza, akalia, akaenda kuwaambia. Hapo wakaacha kuuliza. Kaka mkubwa alikuwa na haya siku mbili tatu, lazima niseme haki, hata chakula kilimshinda.

Talaka moja si mwisho. Mtu anaweza kumrejea mkewe ndani ya eda bila harusi mpya, kwa neno tu, na mimi nililishika neno hilo kwa meno. Nilifagia chumba kila siku. Nilisikia kwamba ameacha kazi Galu, amerudi kwao Jego. Nikafikiri hasira zake zitapoa, kwa kuwa hakuwa mtu wa hasira, na yule mke mwenye domo niliyembuni alikuwa na makosa madogo.

Ndipo ndugu zangu wakasema watakwenda kumtaka radhi. Nilikataa, kisha nikakubali, kwa sharti. Niliwaketisha hapo barazani nikawafundisha maneno kama watoto wa chuoni. Waseme: dada yetu ana ulimi mrefu, amejuta, anaomba asamehewe. Basi. Wasiseme lingine, hasa lile. Wakaapa. Walichukua halua na doti ya leso kwa ajili ya mama yake, wakaondoka asubuhi wamevaa kanzu safi.

Walirudi kesho yake adhuhuri. Nilisikia vicheko vyao kabla sijawaona, na moyo wangu, mjinga, ukafurahi.

"Tumekusafisha, dada," kaka akasema, hata kabla ya kuketi.

"Mmenisafisha vipi?"

"Ungekubalije kubeba kosa ambalo si lako? Wewe ni damu yetu. Mlamu alikuwa amenuna, hataki hata kuitikia vizuri. Tukamwambia kweli. Tukamwambia, bwana, hakusema dada, umesema wewe mwenyewe, unalia kila usiku. Akakataa! Akasema tunamtetea ndugu yetu."

"Mlikuwa peke yenu?"

"Peke yetu wapi? Tulipokelewa vizuri, ukumbi mzima. Mama yake, shangazi zake, wajomba, majirani. Ndiyo mdogo wako akamwonyesha."

"Akamwonyesha nini?"

Mdogo wangu alikuwa na kipaji cha kuiga, kila mtu Bongwe alikijua. Akajilaza palepale kwenye mkeka wetu, ubavuni, akakunja magoti kama anavyolala mume wangu, akafumba macho, akalia. Ilikuwa ni sauti yake hasa. Ungekuwa chumba cha pili ungemshika bega.

"Watu walicheka," akasema akiinuka, akikung'uta vumbi la mkeka kwenye kanzu. "Hata shangazi zake walicheka. Yeye mlamu alitoka nje. Mama yake tu ndiye hakucheka. Aliniambia nirudie, nikarudia. Akauliza, aliita mara ngapi? Nikamwambia mara nyingi. Akaingia ndani akafunga mlango. Halua hata hakuigusa. Watu wa Jego hawajui utani."

Kati ya dada na kaka hakuna utani kwetu. Niliinuka nikamtemea mate usoni, na kaka mkubwa nikamtemea pia. Baba akapiga kelele kutoka ndani kuuliza kuna nini. Mdogo wangu akajifuta kwa ncha ya mkono wa kanzu, akaniangalia kama mtu aliyekuja na zawadi ikakataliwa, akauliza kama wamewekewa chakula.

Nilikaa eda yangu mpaka ikaisha. Sikukifagia tena kile chumba.